Paka Wangu Hukimbia Nikimwita Jina, Wifi Asema Ana Pepo

Bi Zubeda,

Shikamoo, kama mnavyosalimiana huko kwenu Tanga. Sisi watu wa Bukavu hatukuizoea salamu hiyo, lakini nimeambiwa wewe ukisalimiwa vizuri unajibu vizuri, na mimi nataka unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi wifi yangu anakuja na wanawake wenzake wa maombi kumtoa paka wangu nyumbani, na gunia la kumtilia liko tayari nyuma ya mlango, naliona ninapokuandikia. Usinicheke, mama. Najua watu wanakuandikia juu ya waume waliohama na watoto walioacha shule, na mimi nakuletea habari ya paka. Lakini nyumba yangu haina amani kwa ajili ya huyu paka, na sina mtu mwingine wa kumweleza.

Mimi ni msusi. Nasuka Hillbrow, hapa Johannesburg, katika saluni ya chini ya jengo moja la ghorofa nyingi, na mume wangu Pacifique ni fundi cherehani, anashonea chumbani. Tumepanga La Rochelle, nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa Kizulu anayeitwa MaZwane. Huu ni mwaka wetu wa pili Afrika Kusini, na saluni nzima ni sisi kwa sisi, Kiswahili na Kifaransa kutwa, na mteja akija tunaelewana kwa vidole na Kiingereza kidogo.

Nyuma ya saluni kuna uchochoro wa mapipa ya takataka, na huko alikuwa akiishi paka mmoja mweupe mwenye madoa ya kijivu, mbavu zinahesabika. Mwangalizi wa jengo hakumpenda. Kila akimwona alimfokea kwa Kizulu na kummwagia maji machafu ya kudekia, na wanaouza mahindi ya kuchoma hapo nje wakawa wanampiga na fagio, na vijana wanaopanga foleni ya teksi nao wakawa wanamfokea hivyo hivyo na kumrushia mateke, basi alikuwa hana upande wa kukimbilia. Sasa siku moja ya Juni, baridi ile unayoijua, nikafungua katoni ya rasta nichukue nywele za mteja, nikamkuta amelala ndani, amejikunja, ananitazama bila hata nguvu ya kukimbia. Wateja wakacheka, wakasema hata paka amekuja kusukwa. Mimi sikucheka. Niliona uchungu, nikafunga katoni kwa kamba nikarudi naye nyumbani.

Nikamwita Suka, kwa sababu alikuja mwenyewe kwa msusi, na mkia wake una mistari, ukiutazama utadhani umesukwa. Nililipenda sana hilo jina, Bi Zubeda. Hata wateja wetu wa Kizulu siku hizi wanalijua hilo neno letu, nimewasikia kwa masikio yangu wakisukumana kwenye benchi la kungojea, "Suka! Suka!", nami nikafurahi kwamba Kiswahili kimeanza kuingia mjini.

Siku ile ile ya kwanza nilimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni maana alikuwa ananuka, akanichana mikono yote miwili, akaingia nyuma ya kabati, na mpaka leo, Agosti hii, huko ndiyo nyumba yake. Si kwamba sikujaribu. Kila jioni namwekea samaki wa kopo, napiga magoti pale kwenye kabati, namwita kwa sauti ya upole ambayo hata mume wangu sijamwitia, "Suka, Suka wangu, Suka mama," naye anayekuwa amekwisha kutoa pua na masharubu anarudi ndani kwa kasi, nasikia kucha zake kwenye mbao. Mwanzo nilikuwa naingiza mkono namvuta, nikaona damu, nikaacha. Nikajaribu kumwita nikiwa mbali, anakimbia. Pacifique akajaribu kwa sauti ya kiume, anakimbia. Tukamwita kwa kuimba, anakimbia.

Lakini hapa ndipo panaponishangaza, na ndipo wifi yangu alipopata la kusema. Tukinyamaza, paka anatoka. Mume wangu akishona, cherehani inalia peke yake, hakuna anayeongea, atatoka taratibu, atanusa vitambaa vilivyoanguka, na siku moja alilala kabisa juu ya kiatu cha Pacifique, na mume wangu akasimamisha mguu wake kwa muda mrefu mpaka ukafa ganzi, asimwamshe. Nilimwona usoni jinsi alivyofurahi. Kisha akainama, akamnong'oneza, "Suka," basi, paka akaruka akapotea. Pacifique alikaa anakitazama kile kiatu, halafu akasema, "Léo, hata mie anikataa? Na ni mie nanunua samaki?"

Mwezi huu ndipo mambo yalipoharibika. Pacifique alipanda kwenye stuli kuteremsha robota la kitambaa juu ya kabati, hakujua kama paka amelala kule juu. Alipomwona hakutaka kumshtua, akamwita jina lake kwa upole, kama ninavyomwita mimi. Paka akamrukia kifuani apite, stuli ikateleza, mume wangu akaangukia mkono wa kuume. Umevunjika. Wamemfunga plasta mpaka karibu na kiwiko, na mkono wa kuume kwa fundi cherehani unaujua mwenyewe. Sasa anashinda chumbani hana kazi, anakitazama kile kibati cha samaki, na paka anamtazama yeye kutoka nyuma ya kabati, na mimi nikirudi kutoka Hillbrow nawakuta wote wawili hivyo hivyo, chumba kimoja, kimya, naogopa hata kuvua viatu.

Ndipo akaingia Jeanne, dada yake mkubwa. Sisemi ni mtu mbaya. Tulipofika mji huu yeye ndiye aliyetupokea, tukalala kwake, akatulisha. Ana kikundi cha maombi na watu wanamheshimu. Alikuja kumpa pole kaka yake, akauliza ameangukaje, Pacifique akamweleza yote, mpaka na habari ya paka kukimbia akiitwa. Jeanne akaweka kikombe chini.

"Léocadie," akaniambia, "hii kitu haiko paka. Paka ya kweli ukiiita inakuya. Paka gani inapenda nyumba, inapenda chakula, inalala hata pa kiatu ya bwana yako, lakini jina tu haitaki kusikia?"

Nikamwambia, "Dada, ni woga. Alipigwa sana kule Hillbrow."

"Woga ya miezi yote hii? Sawa. Tutaona."

Akasimama, akafumba macho, akanyoosha mkono kuelekea kabati, akaita kwa sauti iliyofika barabarani, "Suka! We Suka! Niko nasema na wewe, Suka!" Bi Zubeda, sijawahi kuona kitu kama kile. Paka alitoka, akapita juu ya kitanda, akapanda pazia, pazia likakatika, akatokea dirishani, na hakurudi mpaka kesho yake. Jeanne akafumbua macho akanitazama. Hata hakupaza sauti tena. Akasema, "Umeona mwenyewe? Pepo ikiitwa kwa jina yake inatoka."

Na kweli niliona mwenyewe.

Tangu hapo Pacifique amegeuka. Zamani alikuwa ananicheka habari za wachawi na mapepo, sasa hacheki. Juzi aliniambia, "Léo, mie nimechoka. Niko na mkono moja, kazi imesimama, na hii mnyama iko nyuma ya kabati yangu inaniangalia. Jumamosi dada anakuya na ba mama ba maombi. Wataombea nyumba, paka itaingia mu gunia, itaenda mbali, huko pa milima ya mchanga wa migodi. Usinipinge." Nikamuuliza huko atakula nini na mbwa wa kule, akageukia ukutani.

Hata jirani yangu MaZwane ananilaumu. Anacheka kila akinisikia jioni. Juzi tulikutana kwenye kamba ya nguo, akaniambia kwa Kiingereza chake, nami nikaelewa kwa Kiingereza changu, "Eish, dada, wewe sikuelewi. Unampa chakula, halafu unamfukuza. Kila siku nakusikia unamfukuza, na kwa sauti tamu!" Nikamjibu kwamba simfukuzi siku hizi, nimekwisha acha kumwandama nyuma ya kabati, akatikisa kichwa, akaingia ndani na beseni lake.

Sasa nikuambie lile linalonifanya nikuandikie, na ambalo mume wangu halijui. Jana mchana niliwahi kurudi. Pacifique alikuwa ametoka. Paka alikuwa amekaa katikati ya chumba, juani, anajilamba. Nikasimama mlangoni, nikamwita kwa upendo wote nilio nao, "Suka." Akanitazama. Bi Zubeda, yale macho. Masikio yakalala, mwili ukashuka chini, akanitazama kama anayemjua adui yake, mimi, niliyemtoa kwenye mapipa! Akaenda zake nyuma ya kabati. Na mimi nikaogopa. Nikajikuta nimeshika lile gunia kwa mikono yangu mwenyewe, nimelifungua mdomo, nimepiga magoti pale anapotokea, nangoja. Nilingoja mpaka nikajisikia ninavyohema. Kisha nikalirudisha nyuma ya mlango, nikakaa sakafuni nikalia.

Hapo ndipo nilipo. Nikimtetea, mume na wifi wananiona nimeungana na pepo. Nikimtoa, nitakuwa nimemwokota kwenye takataka ili nimrudishe kwenye takataka. Na linaloniumiza zaidi ni kwamba sijui tena kama wao ndio wanaokosea. Niambie, mama, paka anayeukimbia upendo ana nini?

Mimi msusi wa La Rochelle.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla hujasoma mstari mwingine, inuka ukalitoe hilo gunia nyuma ya mlango. Litie viazi, litie mkaa, mpe MaZwane, sijali. Kisha urudi tuzungumze. Mhariri nimemwambia barua yako itangulie wale wote wenye waume waliohama, maana waume hao hawatiwi guniani Jumamosi.

Umeshalitoa? Haya.

Paka wako hana pepo, na haukimbii upendo. Anakimbia kwa sababu unamwambia akimbie. Unamwambia kila jioni, umepiga magoti, kwa sauti tamu, na samaki mkononi.

Mwaka wangu wa kwanza katika mji huu nilikaa Hillbrow na shoga yangu Mwanaasha, msusi kama wewe. Hakuwa na saluni, alisukia kwenye korido ya jengo, na stuli yake na vitana vyake. Siku moja akaja mlinzi mpya, kijana wa Kizulu, akamsimamia kichwani, "Suka! Suka lapha!" Mwanaasha akafurahi sana. Akapangusa stuli kwa khanga yake, akamwambia, "Nasuka, kaka, ndiyo kazi yangu hiyo. Keti. Unataka mtindo gani?" Yule kijana akadhani anachezewa. Aliipiga teke ile stuli ikaenda mpaka kwenye ngazi, vitana vikatawanyika, na shoga yangu akaviokota kimoja kimoja huku watu wakimpita.

Kwa Kizulu, mwanangu, "suka" maana yake ondoka. Toka hapa. Potea. Wale wateja wako waliokuwa wakisukumana kwenye benchi hawakuwa wakisifu ususi. Kila mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, sogea huko! Na wewe ukakaa pembeni unafurahi kwamba Kiswahili kinaenea. Loo! Asiyejua maana haambiwi maana, lakini miaka miwili Johannesburg, mtoto wee, miaka miwili!

Sasa irudie barua yako mwenyewe uisome kwa macho hayo mapya. Yule mwangalizi wa jengo alikuwa akimfokea paka kwa Kizulu. Unadhani alikuwa akimwambia nini? Na wale wa mahindi? Na vijana wa teksi? Maisha yake yote huyo kiumbe amelisikia neno moja tu kutoka kinywani mwa binadamu, na baada ya neno hilo ukafuata ufagio, teke au maji ya kudekia. Kisha ukaja wewe, ukamtoa huko, ukampa chakula na paa juu ya kichwa, na katika maneno yote ya Kiswahili, na maneno yako ya Kifaransa, ukachagua lile lile. Paka hajui sarufi. Hajui kwamba kwa Bukavu na Tanga neno hilo ni la kitana na mafuta ya nywele. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe ulikuwa ukimtikisia unyasi huo kila siku puani.

Ndiyo maana mkinyamaza anatoka. Ndiyo maana alilala juu ya kiatu cha mumeo akaamka kwa jina. Ndiyo maana wifi yako alipoita kwa sauti ya kufika barabarani alipita mpaka dirishani na pazia juu yake. Kufukuzwa kwa upole kulimpeleka nyuma ya kabati, na kufukuzwa kwa kelele kukampeleka nje. Hilo jicho lililokutisha jana ni jicho la anayengoja kupigwa. Na MaZwane wa watu amekueleza wazi pale kwenye kamba ya nguo, unamfukuza, ukadhani anasema unamkimbiza-kimbiza chumbani. Huyo mama anakaa ukuta mmoja nawe na ameshangaa miezi yote hii ni mapenzi gani haya.

Nisikufiche, si jina peke yake. Ulimwogesha siku ya kwanza! Paka wa mtaani, hajakujua, hajakula, umtie majini na sabuni, baada ya yale maji ya kudekia aliyoyapata! Ukamvuta kwa mkono kutoka mahali pake pa kujificha, pale pekee anapojiona salama. Hayo mawili usiyarudie mpaka kufa.

Kuanzia leo, jina hilo lisitamkwe tena ndani ya chumba hicho kwa ajili yake. Kazini kwako suka utakavyo, nyumbani useme unamtengeneza mtu nywele. Chukua katoni, ya rasta ile ile aliyoichagua mwenyewe, uilaze ubavu karibu na kabati, utandike ndani kimoja cha vile vitambaa anavyovinusa chini ya cherehani, maana harufu yake ameizoea. Hiyo ni nyumba yake na hakuna mkono unaoingia. Chakula akipate saa zile zile kila siku, mahali pale pale, na sinia lake la mchanga liwe mbali na chakula, kwani hata wewe hutaki kula chooni. Ukishaweka kibakuli, usipige magoti kumchungulia. Keti sakafuni, mpe ubavu, fanya kazi yako, chambua maharage, suka wigi. Akikutazama, fumba macho taratibu na uyafumbue taratibu; kwa paka hiyo ndiyo shikamoo. Akisogea, mwachie kidole chini ya pua yake anuse, na usimpitishie mkono juu ya kichwa, maana juu ndiko ulikotoka ufagio. Akiondoka, mwache aende. Atarudi, kwa kuwa safari hii hakuna aliyemfukuza. Na ukipata nafasi umpeleke kwa daktari wa wanyama akamtazame, ndani ya hiyo hiyo katoni yake, bila kumvuta.

Mumeo nampa pole ya mkono. Lakini Pacifique, kama unasomewa hapa, mtu aliyeuacha mguu ufe ganzi ili paka apate usingizi si mtu wa kwenda kumtupa kwenye milima ya mchanga. Uliumia kwa sababu uliona amekukataa, kisha ukaanguka, uchungu ukawa juu ya uchungu. Hakukukataa. Alikuwa amekichagua kiatu chako wewe katika nyumba nzima. Na kwa kuwa unashinda nyumbani na mkono wako huo, hakuna mwalimu bora kuliko wewe sasa. Kaa chini, nyamaza, tayari unajua kunyamaza.

Linabaki la wifi, na hapa, mwanangu, tumia akili. Usimpokee kwa ushindi, wala usimcheke. Aliyewapokea mlipokuwa hamna pa kulala ana haki ya kuingia nyumbani kwako na kuombea kaka yake aliyevunjika mkono, na waombee, nyumba haikatai dua. Lakini asubuhi ya Jumamosi, kabla hawajaanza, mshike mkono umpeleke kwa MaZwane. Usimwelezee wewe, utaonekana unabishana. Mwambie MaZwane, kwa Kiingereza chenu hicho, "Jirani, mwambie dada yangu, suka ni nini?" Kisha ukae kimya. Najua mtacheka, na kucheka pamoja na wifi ni kheri kuliko kumshinda.

Hapo hapo kwa MaZwane mpate na jina jipya, mumuulize kwanza, lisije nalo likawa tusi. Mimi ningemwita Karibu. Nimeshaulizia kwa Wazulu ninaowajua, hawana ugomvi nalo.

Nisikudanganye kwamba Jumamosi atatoka kuwasalimia wageni. Mwanaasha mpaka leo, mtu mzima mwenye saluni yake na wajukuu, akilisikia neno lile limesemwa hata kwa mzaha na watoto barabarani, bega lake hupanda. Anajua ni mzaha, na bega linapanda. Sembuse paka. Wiki zitapita, na miezi huenda, na siku moja utakuwa unachambua maharage usikie kitu kimeegemea paja lako. Usiruke. Usilie kwa sauti. Endelea na maharage.

Lakini asitiwe mtu guniani kwa kosa la utii, mwanangu. Mmemwambia ondoka, naye kila mara ameondoka. Sasa mwambieni karibu, mnyamaze, mumngoje.

Bi Zubeda